Vidole Vilivyobaki Begani

Kwa miaka 19 nilikula kwa kamera. Nilikuwa na studio Tanga: chumba cha mbele chenye pazia, stuli mbili na taa tatu, na nyuma yake chumba cha giza ambamo joto la Februari lilimwogesha mtu jasho. Nilipiga maharusi, watoto waliovishwa nguo za Idi, wanafunzi waliotaka paspoti, na wazee waliotaka kuacha sura yao nyumbani kabla ya safari ya Hija. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Mimi si msomi wa sanaa. Nikiiona picha, kwanza natafuta taa ilisimama wapi. Kisha najiuliza kama aliyepigwa alitaka kuonekana hivyo.

Swali hilo la pili sikuwa nalo wakati wa kazi. Nilifundishwa nikiwa nimekwisha kufunga studio, na mwalimu wangu ni mwanamke wa California ambaye sikupata kukutana naye. Jina lake ni Laura Aguilar. Ninayoandika hapa ni tahakiki ya kazi yake, na kwa upande mwingine ni hesabu yangu mwenyewe.

Januari 2018 nilikwenda Los Angeles kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi huko. Siku moja akaniambia, "Mjomba, wewe ni mtu wa picha. Leo nakupeleka mahali hutachoka." Akanipeleka Monterey Park, katika Chuo cha East Los Angeles, ambako ndani yake kuna makumbusho ya sanaa yaliyopewa jina la mwigizaji Vincent Price. Maonyesho yalikuwa ya Aguilar peke yake, yameandaliwa na Sybil Venegas, aliyepata kuwa mwalimu katika chuo hichohicho na ambaye alimjua tangu akiwa mwanafunzi. Yalipewa jina la "Show and Tell", yaani zoezi la watoto wa shule za Marekani, ambapo mtoto huleta kitu darasani, akakionyesha, kisha akakieleza kwa maneno yake. Jina hilo niliona la kitoto. Nilipotoka niliona hapakuwa na jina lingine lililofaa.

Nakiri kwamba dakika za mwanzo zilikuwa za aibu. Tulipoingia tukajikuta tumesimama mbele ya mwanamke mnene aliye uchi, amejiegemeza kitini karibu na dirisha lililo wazi, feni inampepea, mkononi ana glasi ya kinywaji. Mjomba na mpwa wake, bega kwa bega, mbele ya picha ya namna hiyo! Kila mmoja wetu akajifanya anasoma maandishi ya ukutani. Baada ya muda mpwa wangu akaona heri aende chumba kingine, nami nikabaki. Ndipo nikasoma kwa kweli. Picha iliitwa "In Sandy's Room", ya mwaka 1989, na mwanamke yule kitini alikuwa mpiga picha mwenyewe.

Nikaitazama upya. Palikuwa na joto, na mtu mwenye joto alikuwa amevua nguo akapumzika. Hakuwa anamshawishi mtazamaji wala kumwomba radhi. Katika maisha yangu nimeona picha nyingi za wanawake walio uchi, nyingi zikiwa kwenye kalenda za gereji, na zote zilipigwa na mtu aliyevaa nguo. Hii niliyoiona siku ile ilikuwa ya kwanza ambayo aliyebonyeza kitufe na aliyevua ni mtu mmoja.

Aguilar alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1959, akakulia San Gabriel, bondeni mashariki mwa jiji. Kusoma kulimtesa tangu utotoni. Alikuwa na tatizo la akili kuyapanga maneno inayoyasikia na kuyasoma, tatizo ambalo halikutambuliwa mapema, na mtoto wa namna hiyo darasani huitwa mjinga. Kaka yake alikuwa na chumba cha giza, na humo ndimo alimojifunza kusafisha picha. Baadaye alisoma kidogo chuoni East Los Angeles, lakini sehemu kubwa ya ufundi wake aliupata kwa kujaribu. Mtu ambaye maneno humponyoka alipata chombo kinachosema bila maneno. Halafu, na hili ndilo linalonishangaza, akayarudisha maneno ndani ya picha.

Kabla sijafika huko, sina budi kueleza watu wake, maana msomaji wa kwetu huenda hawafahamu. Vita kati ya Marekani na Meksiko vilipokwisha, mkataba wa 1848 uliitoa California pamoja na nchi kubwa ya jirani mikononi mwa Meksiko na kuitia Marekani. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Wengine wengi wakaja baadaye kutafuta kazi mashambani na viwandani. Neno Chicano lilitamkwa kwa muda mrefu kumdharau maskini mwenye asili ya Meksiko. Katika miaka ya 1960 vijana wakaliokota neno hilo, wakalipangusa vumbi, wakalivaa kama jina la fahari. Tarehe 29 Agosti 1970 maelfu ya Wachicano waliandamana East Los Angeles kupinga vita vya Vietnam, na siku hiyo mwandishi wa habari Ruben Salazar, aliyekuwa sauti yao magazetini, aliuawa kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari. Laura alikuwa mtoto wa miaka 10, nyumbani kwao si mbali na hapo.

Lakini ndani ya watu hao waliokuwa wakipigania jina lao, walikuwamo wengine ambao jina lao halikutajwa. Ni wanawake wanaopenda wanawake. Hapa naona taabu ya lugha yangu mwenyewe. Mitaani kwetu tunalo neno kwao, wasagaji, na kila anayelitamka huinua nyusi au kushusha sauti. Ni neno la tendo. Linamwambia msikilizaji wafanyacho watu hao gizani, halimwambii wao ni nani mchana, wanapika nini, wanamlilia nani. Tazama pia neno shoga. Mwanamke wa pwani humwita hivyo rafiki yake wa chanda na pete, kwa upendo na bila haya. Likitoka barazani likafika kijiweni, neno hilohilo ni tusi kwa mwanamume. Basi maneno hayana kosa. Kosa hukaa kinywani mwa msemaji, na Wachicano walikwisha kuligundua jambo hilo kabla yetu.

Aguilar alilishughulikia kwa njia ya kifundi kabisa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 alipiga mfululizo alioupa jina la "Latina Lesbians". Kila mwanamke amesimama au ameketi mahali pake, aghalabu katikati ya vitu vyake, naye anatazama kamera. Chini ya picha pameachwa nafasi nyeupe, na katika nafasi hiyo mwanamke mwenyewe ameandika kwa mkono wake yeye ni nani. Mmoja ameandika mistari michache, mwingine amejaza nafasi mpaka ukingoni. Hati za mkono hazifanani, na mpiga picha hakusahihisha kitu. Yeye mwenyewe alijipiga akaandika, makosa yake ya tahajia yakiwa palepale, kwamba neno lile la kuwataja wanawake wa namna yake bado halijamkaa vizuri, ila jina lake la Laura linazidi kumkaa siku hadi siku.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Katika studio yangu, aliyepigwa hakuwa na neno. Mimi ndiye niliyeinua kidevu chake, mimi niliyesema "cheka" au "usicheke", mimi niliyefuta kovu lake kwa penseli juu ya negativu. Hata Kiswahili chetu kinatupa madaraka hayo: twasema kupiga picha, kama tupigavyo ngoma, na mtu hupigwa picha kama apigwavyo kofi. Nafasi ile nyeupe chini ya picha za Aguilar ni mahali pa aliyepigwa kujibu. Kwa fundi ni jambo dogo, sentimita chache za karatasi. Sikuwahi kuzitoa.

Hata hivyo mfululizo huo una udhaifu, nami sitauficha. Wengi wa wanawake wale ni watu wenye elimu, wamekwisha kujifikiria, na wanajua la kuandika. Nyuso zao zimejiandaa. Mtazamaji huwaheshimu, lakini huondoka na hisia kwamba amesikia hotuba fupifupi. Nadhani Aguilar aliliona hilo, maana mwaka 1992 alibeba vifaa vyake akaenda Plush Pony, baa ya El Sereno, upande wa mashariki wa Los Angeles, walikokutana wanawake wa tabaka la kazi za mikono. Akatundika pazia, akaweka kamera, akawaacha waje.

Kwangu mimi hizo ndizo picha zake bora, ingawa si hizo zinazochapishwa zaidi. Hakuna maandishi. Wanawake wamekuja wawiliwawili na kwa makundi, na fulana zao na suruali zao za jinzi, wengine na michoro mikononi mwao. Mmoja amemkumbatia mwenzake, mwingine amejitutumua kama bondia, mwingine kicheko kimemtoka kabla hajajiandaa. Mwanga hauna ujanja wowote. Ni mwanga wa studio ya mtaani, mwanga wangu. Ningeweza kuzipiga picha zile. Nilikuwa na taa za kutosha na pazia linalofanana na lile. Ndiyo sababu zilinichoma.

Mwaka mmoja katika miaka ya 1980, wanawake wawili walikuja studio kwangu. Mmoja alikuwa mtu mzima kidogo, mwingine kijana. Walitaka picha moja, wawili pamoja. Yule mkubwa akamwekea mwenzake mkono begani, wakaegemezana vichwa. Nikapiga. Usiku ule nikaisafisha na kuianika, na asubuhi jirani yangu wa duka la pili akaingia, akaiona kwenye kamba, akacheka, akasema neno. Lilikuwa neno moja tu. Akatoka zake.

Niliogopa jina la studio. Nikarudi chumba cha giza, nikaichapisha negativu ileile mara mbili, kila mara nikimwacha mmoja nje. Walipokuja nikawapa picha mbili, kila mtu ya kwake, nikawaambia ile ya pamoja imeingia mwanga. Ulikuwa uongo, na kazi yenyewe ilinisuta, kwa sababu mkono hauondoki kwa mkasi. Kijana alibaki na vidole vya mwenzake begani, vidole vinne visivyo na mtu. Mkubwa alibaki na mkono mmoja unaonyooka kutoka nje ya picha, kana kwamba anaushika ukuta. Wakaziweka picha mezani, ubavu kwa ubavu, zikaungana. Yule mkubwa akanitazama, akasema, "Basi fundi, umetupa mbili kwa bei ya moja." Wakalipa zote, wakaenda. Hawakurudi tena.

Hata leo sijui walikuwa nani. Huenda ni ndugu, huenda ni mtu na shoga yake, huenda ni kama jirani alivyosema. Sikuwauliza, na wala hawakuwa na wajibu wa kunijibu. Walikuja kusema jambo moja kwa picha moja, nami nikawakatiza.

Msomaji ataelewa basi kwa nini nilitaka kukaa chini nilipofika kwenye mfululizo wa "Clothed/Unclothed", wa miaka ya 1990 hadi 1994. Kila kazi ni picha mbili ubavu kwa ubavu, watu walewale, mbele ya weusi. Katika ya kwanza wamevaa, katika ya pili hawana nguo. Kuna wapenzi, marafiki, familia, wanaume pia, wanene kwa wembamba. Mtazamaji asiye na subira hukimbilia picha ya pili, na hapo ndipo naona hatari ya mpango huu: kanuni ikisharudiwa mara kadhaa, mtu huanza kungojea jibu kama aonaye kiini macho. Lakini ukikaa, macho hurudi ya kwanza. Unaona kwamba aliyekuwa amejibana ndani ya koti lake amekaa kwa raha bila hilo koti, au kinyume chake. Na jambo moja halibadiliki toka picha hadi picha: waliokuja pamoja wanabaki pamoja. Aguilar alitumia picha mbili kuwaongezea watu nafasi. Mimi nilizitumia kuwatenga.

Wapo watakaosema kwamba kuwavua watu nguo ni kuwadhalilisha, hata wakikubali, na hasa wakiwa watu ambao jamii inawadharau tayari. Siupuuzi usemi huo. Nimekulia mahali ambapo sitara ni heshima. Jibu langu liko kwenye tarehe. Picha ya dirishani ni ya 1989, na mfululizo wa watu wengine ulianza 1990. Hakumwomba mtu avue kabla hajavua yeye, na mwili wake ulikuwa mwili ambao magazeti yote ya nchi yake yalikuwa yakiufundisha ujifiche.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote pengine ni "Three Eagles Flying" ya 1990. Amesimama katikati, kifua wazi, kichwa kimefunikwa bendera ya Meksiko, kiuno kimezungushiwa ya Marekani, kamba nene imemfunga toka shingoni hadi mikononi, na bendera hizo mbili zimetundikwa pande zake. Jina la Aguilar lina asili ya neno la tai. Tai wengine wawili ni wa nchi hizo mbili. Ni picha yenye nguvu, na imefundishwa vyuoni sana. Mimi huiheshimu kuliko niipendavyo. Inasema yote mara moja. Kila kitu ndani yake kina maana iliyokwisha kupangwa, na uso, ambao ndio mtaji wa mpiga picha, umefunikwa. Bila shaka alikusudia hivyo, kwamba mataifa mawili yamemziba mtu pumzi. Nimeelewa. Lakini wanawake wa Plush Pony sijamaliza kuwaelewa, na ndio ninaowakumbuka usiku.

Sifa alizipata. Mwaka 1993 kazi yake ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Mwaka huohuo alijipiga akiwa amesimama nje, chini ya kibao cha jumba la sanaa, ameshika boksi lililochanwa kama washikavyo ombaomba wa barabarani, likisema kwamba msanii yuko tayari kufanya kazi ili aruhusiwe kuingia. Picha hiyo ilinichekesha, halafu ikaacha kunichekesha. Mtu anaweza kusifiwa Ulaya na bado mlango wa mtaani kwake usifunguke. Maonyesho yale niliyoyaona ndiyo yaliyokusanya kwa mara ya kwanza kazi ya maisha yake kwa ukubwa wake, zaidi ya kazi 100, naye alikuwa na miaka 57 yalipofunguliwa Septemba 2017.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha jangwani. Kuanzia 1996 alitoka nje na kamera yake, akalala juu ya ardhi, akajikunja kando ya mawe makubwa, mgongo umetugeukia, mpaka jicho likashindwa kusema jiwe limeishia wapi na mtu ameanzia wapi. Katika mfululizo wa "Grounded", wa miaka ya 2006 na 2007, akaingiza rangi, na ngozi yake na jabali vikawa kama vya ukoo mmoja. Wengi huziona hizi kuwa kilele chake. Mimi naziona kuwa mapumziko yake. Baada ya miaka mingi ya kujieleza kwa bendera, kwa kamba na kwa mwandiko, amefika mahali ambapo hakuna anayemtaka ajieleze. Jiwe halimwulizi mtu jina. Nilimwona amepumzika, nikafurahi kwa niaba yake, ila nilitamani kurudi baa.

Nikarudi Tanga. Tarehe 25 Aprili 2018 Laura Aguilar alifariki California, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mpwa wangu alinipa habari kwa simu. Maonyesho yake yaliendelea kusafiri: yakafika Miami, Chicago, na mwaka 2021 New York.

Nilizitafuta negativu zangu. Nilizihifadhi katika makopo ya biskuti, na unyevu wa pwani, usio na huruma kwa filamu, umezigandisha pamoja kama maandazi ya juzi. Nilijaribu kuzibandua kwa maji, zikaacha rangi yake kwenye vidole vyangu. Hiyo niliyoitaka, hata kama imo, haiwezi kuonekana tena.

Zimebaki picha zile mbili, kama zimebaki. Sijui ziko nyumba moja au nyumba mbali mbali. Kama ziko pamoja, mtu anaweza kuzilaza mezani ubavu kwa ubavu, mkono ukaufuata mkono hadi begani, na kosa langu likaonekana kama mstari mwembamba katikati. Kama hazipo pamoja, basi mahali fulani kuna bibi aliyezeeka na vidole vinne begani, na wajukuu zake humwuliza ni vya nani.